Maisha ya Daktari Georg Volkens, Mchunguzi wa Majani

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Kila mtu aliyekaa katika shule yetu anaijua mikungu miwili, mmoja karibu na bweni la Kidato cha Kwanza na wa pili nyuma ya jiko. Mimi naijua kuliko wengi, maana nimeifagilia miaka minne: kwanza ule wa bweni, na nilipopanda darasa nikapewa ule wa jikoni. Majani ya mkungu yakizeeka hugeuka mekundu, kisha huanguka yote kwa muda wa siku chache, na mwenye zamu hushinda na ufagio mkononi. Jambo hili huja mara mbili kwa mwaka. Walakini mikungu yetu haipatani. Ule wa bweni huwa mtupu kabisa kama mlingoti wa jahazi, na mwenzake wa jikoni, ulio umbali usiofika hatua mia, bado umevaa nguo zake zote. Tena hukaa hivyo wiki tatu au nne ndipo uvue. Mvua iliyoinyeshea ni moja, jua ni moja, na udongo ni mmoja. Basi kwa nini mmoja uchelewe?

Nilimpelekea Mwalimu wetu wa Biolojia swali hili nikitumaini atanijibu kwa maneno mawili, nipate kwenda kucheza mpira. Hakunijibu. Alinieleza kuwa alikuwapo Mjerumani mmoja aliyeuliza swali hilo hilo zaidi ya miaka mia iliyopita, akaliandikia kitabu kizima, na bado asilimalize. Kisha akaniagiza nitafute habari za mtu huyo na kuziandikia gazeti letu la muhula. Mtu huyo ni Daktari Georg Volkens. Wenye elimu ya mimea katika Afrika ya Mashariki wanalijua jina lake, kwa kuwa limo ndani ya majina ya mimea yetu. Mti ambao Wakamba huuita mukau, wenye mbao ambazo mchwa hawaziwezi, jina lake la elimu ni Melia volkensii. Uko pia mmea wenye sumu kali uitwao Adenia volkensii, ambao sidhani kama ni heshima kubwa kuitwa kwa jina lako, lakini ndivyo ulivyoitwa.

Kabla sijaanza habari zake, nawaomba wenzangu waliokwenda Amani waikumbuke safari yetu. Gari lilitoka Muheza likapita katika shamba la mitiki la Longuza. Ilikuwa kiangazi, na mitiki mingi ilikuwa imekwisha kupukutisha. Majani makubwa makavu yalitanda chini kama mikeka mibovu. Muda si mrefu baadaye tulikuwa juu milimani, kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari, ndani ya msitu wa kijani usiopitisha jua, na baridi ikawafanya waliosahau masweta wajute. Sababu tulipewa pale pale garini. Amani hupata mvua ya kiasi cha milimita 1,900 kwa mwaka, wala hakuna mwezi usio na mvua kabisa, na huko chini kiangazi ni kikavu. Mti wenye maji hukaa na majani yake, mti wenye kiu huyaacha. Nililiandika jibu hilo katika daftari langu nikapiga mstari chini. Nalo ndilo jibu ambalo Daktari Volkens, baada ya kuzunguka nusu ya dunia, alilitilia shaka.

Georg Volkens alizaliwa Berlin, mwezi wa Julai, mwaka 1855. Nchi ya kwao ina majira manne. Ya tatu ni majira ya kupukutika kwa majani, nayo huanza mwezi wa Septemba: siku zinafupika, baridi inaingia, na miti mingi inageuka manjano na nyekundu, kisha inavua. Vitabu vingine vya Kiswahili huyaita majira hayo vuli. Sisi watu wa Tanga neno hilo linatupoteza, maana vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati wa kupanda na wa majani kuchipua, si wa majani kuanguka.

Hata kule Ujerumani si miti yote inayotii amri ya baridi. Mwaloni, na mti mwingine ambao Wajerumani huuita Buche, majani yake hufa na kukauka lakini hayaanguki, hasa katika miti michanga na matawi ya chini. Hubaki yakining'inia, rangi ya kahawia, yakipigwa na upepo miezi yote ya baridi, hata matumba mapya yanapokaribia kufunguka ndipo yaachie. Sababu ya karibu inajulikana. Jani haling'oki hivi hivi kama jino bovu. Penye shina la kikonyo chake mti hutengeneza tabaka jembamba la chembe laini, na nyuma ya tabaka hilo huziba kidonda mapema. Tabaka likilegea, jani hukatika lenyewe kwa uzito wake. Katika mwaloni mchanga tabaka hilo halijamalizika baridi inapoingia, basi kazi husimama nusu hadi joto lirudi. Lakini mti unapata faida gani kwa kukaa na majani makavu? Hapo watu wangali wakibishana. Wengine husema majani makavu huyakinga matumba yasiliwe na paa wakati wa njaa ya baridi. Wengine husema ni mbolea ambayo mti umejiwekea akiba, idondoke udongoni wakati ule hasa inapohitajiwa. Hiyo ndiyo miti ya nchi aliyokulia Volkens: miti iliyokubaliana kuvua kwa wakati mmoja, na katikati yake michache inayokataa.

Alisoma katika vyuo vikuu vya Würzburg na Berlin. Mwalimu wake mkubwa, Simon Schwendener, mtu wa Uswisi, aliwafundisha wanafunzi kuutazama mmea kama fundi anavyoitazama nyumba: nguzo hii inabeba nini, mfereji huu unapitisha nini, na kwa nini ukuta huu ni mnene kuliko ule. Volkens aliupata udaktari mwaka 1882 kwa kuchunguza matone ya maji yanayotoka katika ncha na kingo za majani. Sisi tuliotoka vijijini tunayajua matone hayo. Asubuhi majani ya mahindi na ya magimbi yanameremeta, nasi twasema ni umande. Mengi si umande. Ni maji ambayo mmea wenyewe umeyasukuma usiku kutoka mizizini. Nilipoyasoma haya niliamka mapema nikaenda katika shamba la shule kuhakikisha. Ni kweli, matone yamejipanga kwenye kingo za jani kama shanga, wala hayakutapakaa juu yake. Nilichelewa kufika mstarini siku hiyo.

Mwaka 1884 alikwenda Misri, akakaa katika jangwa lililo karibu na Kairo hadi mwaka uliofuata, akiangalia jinsi mimea inavyoishi mahali ambapo mvua ni hadithi. Aliona majani yaliyopunguzwa hadi yakawa kama miiba, majani yaliyopakwa nta, mengine yenye manyoya kama blanketi, na mizizi mirefu kuliko kimo cha mmea wenyewe mara nyingi. Baadhi ya mimea ilitoa chumvi juu ya majani yake. Kitabu chake juu ya mimea ya jangwa kilitoka mwaka 1887, na kwa kitabu hicho jina lake likaanza kujulikana. Nadhani huko ndiko alikojifunza kuwa jani ni mali yenye gharama, na kwamba mti huwa na hesabu zake katika kuliweka au kulitupa.

Mwaka 1892 aliagizwa kuja huku kwetu. Nchi ilikuwa chini ya Wajerumani, Wadachi kama wazee wetu walivyowaita, naye alitumwa afungue kituo cha elimu ya viumbe katika mlima Kilimanjaro. Kituo kilijengwa Marangu, kwa Mangi Marealle, na Volkens akakaa Uchagani miezi 15, katika mwaka 1893 na 1894.

Haukuwa wakati wa utulivu. Mwezi wa Agosti mwaka 1893 askari wa Wajerumani walimshinda Mangi Meli wa Moshi kwa vita. Marealle alikuwa upande wa Wajerumani, kwa hiyo mtaalamu aliweza kukausha majani yake Marangu huku kwa majirani bunduki zinalia. Mwaka 1894, Volkens alipokuwa amekwisha ondoka, Daktari Carl Lent aliyeshika kituo baada yake aliuawa Rombo pamoja na mwenzake Kretschmer. Meli naye alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Sipendi kuyaruka mambo haya ili maisha ya mtu yaonekane safi. Volkens aliipenda mimea kwa kweli, lakini njia aliyopita ilifunguliwa kwa bunduki. Na wapagazi waliomtwalia mizigo, na vijana waliomkatia njia msituni, hakuna mmea hata mmoja ulioitwa kwa majina yao.

Hata hivyo kazi aliyoifanya mlimani ilikuwa kubwa. Alipanda kutoka mashamba ya migomba, yenye mifongo ya maji iliyochimbwa na Wachaga kwa ufundi wa vizazi vingi, akaingia katika msitu wa mvua, akatoka juu penye majani mafupi na mawe, akikusanya na kuandika kila mahali. Hapo juu, kupita mita 3,000, ndipo ipo miti ambayo ningependa msomaji aisimamie kidogo. Siku hizi wataalamu huiita Dendrosenecio. Ni kama kabichi kubwa iliyowekwa juu ya nguzo yenye kimo cha mita 5 au zaidi. Majani mabichi yamekusanyika kileleni tu. Majani yaliyokufa hayaanguki kamwe. Hujikunja chini kuizunguka nguzo, mwaka juu ya mwaka, hata mti ukaonekana kama mzee aliyejifunga makoti kumi.

Sababu yake haikueleweka vizuri ila miaka mingi baada ya Volkens. Mlimani mchana jua ni kali, na usiku baridi hushuka chini ya sifuri, maji yakaganda. Ndani ya shina la mti ule kuna ute laini uliojaa maji, ambayo ni akiba ya asubuhi: jua likichomoza ghafla majani yanataka maji, na ardhi bado ni barafu. Makoti ya majani makavu huyazuia maji hayo yasigande. Katika milima ya Andes, huko Venezuela, iko mimea inayofanana sana na hiyo, iitwayo Espeletia, ingawa si ndugu wa karibu. Watafiti waliivua baadhi yake majani makavu wakaiacha uchi. Ikadhoofika, na mingi ikafa. Basi jani lililokufa lilikuwa lingali kazini. Mwaloni wa Ulaya na mti huu wa Kilimanjaro yote miwili hushika majani makavu, lakini huu wa kwetu sababu yake iko wazi zaidi, na nashangaa kuwa vitabu vyetu hutuonyesha picha ya mwaloni.

Aliporudi Berlin aliandika kitabu kikubwa juu ya Kilimanjaro kilichotoka mwaka 1897. Baadaye akafanya kazi katika bustani ya mimea na makumbusho yake chini ya Profesa Adolf Engler, mtu maarufu ambaye jina lake limeandikwa katika mimea mingi ya Usambara. Mwaka 1899 na 1900 Volkens alikuwa katika visiwa vya Karoline vya bahari ya Pasifiki, hasa kisiwa cha Yap. Kisha akaenda Java.

Katika Java, mahali palipoitwa Buitenzorg na leo panaitwa Bogor, Waholanzi walikuwa na bustani ya mimea iliyosifiwa kuliko zote za nchi za joto. Alikuwa huko mwaka 1901 na 1902. Mvua ya Bogor ni kiasi cha mara mbili ya mvua ya Amani, na inanyesha mwezi kwa mwezi. Mtu akingoja kiangazi kama cha Longuza atangoja sana. Hapo ndipo Volkens alipoona nafasi ya kulipima lile jibu nililolipigia mstari. Ikiwa ni ukame unaoangusha majani, basi mahali pasipo ukame mti usiwe na sababu ya kuvua. Aanguke huyu leo na yule kesho, jani moja moja, kwa uzee tu.

Aliizunguka miti ile ile tena na tena, akiandika upi una majani mazee, upi umeanza kuvua, upi ni mtupu, upi umechipua. Watu wengi wangeichoka kazi hiyo kabla ya wiki kwisha. Najua kwa sababu nimeijaribu. Aliyoyaona yalikuwa kinyume cha matarajio. Miti mingi ya Bogor ilivua majani yote kwa pamoja, ikasimama mitupu siku kadhaa au wiki kadhaa, mvua ikiinyeshea kichwani, kisha ikachipua upya. Miti mingine haikuwa mitupu kamwe, lakini nayo ilichipua kwa vipindi, ikipumzika katikati. Tena miti ya aina moja, iliyosimama katika bustani moja, haikufuatana. Na iko iliyotofautiana tawi kwa tawi, upande mmoja umevua na upande mwingine umejaa majani. Wenye miembe kwao wanajua maana yake: tawi moja la mwembe hutoa majani mapya mekundu mekundu, na mengine yamekaa kimya kama hayahusiki.

Volkens aliona kuwa kama hali ya nje ndiyo inayotoa amri, miti ile yote ingeisikia kwa wakati mmoja. Basi amri lazima itoke ndani. Alisema kila mti una mwendo wake wa kuzaliwa nao, wa kufanya kazi na kupumzika, kama saa iliyotiwa ufunguo ndani ya shina. Baridi ya Ulaya na kiangazi cha Afrika zinaweza kuzipatanisha saa hizo zilie pamoja, lakini si hizo zilizozitengeneza. Mahali kama Bogor, ambapo hakuna wa kuzipatanisha, kila saa hulia kwa wakati wake.

Mwaka ule ule wa 1902 chuo cha uchunguzi wa mimea na kilimo kilianzishwa Amani, na aliyekuwa mbele katika kazi hiyo ni Franz Stuhlmann. Bustani ya Buitenzorg ndiyo iliyokuwa mfano wake. Hapo maisha ya Volkens yanatugusa sisi wa mkoa huu kwa karibu, kwa maana huko Berlin alishika ofisi iliyokusanya mbegu na miche ya kupelekwa katika makoloni ya Wajerumani, na Amani ilikuwa mojawapo ya mahali hapo. Kusudi halikuwa kustarehesha macho ya wageni. Serikali ya koloni ilitaka kujua mimea gani italeta fedha: mpira, kahawa, mkwinini, na mingine mingi. Lakini pasipo kukusudiwa, Amani ikawa kama baraza la miti ya dunia. Mti wa Java ulipandwa kando ya mti wa Brazili na wa Uhindi, yote ikinyeshewa na mvua moja ya Usambara, na kila mmoja umekuja na desturi za kwao. Mti wa mpira kutoka Brazili, kwa mfano, huvua majani yake yote mara moja kwa mwaka na kuchipua tena, na wenye kugema utomvu wanaujua sana wakati huo maana utomvu hupungua.

Kitabu cha Volkens juu ya kupukutika na kuchipua upya kwa majani katika nchi za joto kilitoka Berlin mwaka 1912, yeye akiwa mtu mzima wa miaka karibu 57. Hakikupokewa bila ubishi. Profesa Georg Klebs wa Heidelberg, ambaye naye alikuwa amekwenda Java, alisema hakuna saa yoyote ndani ya mti. Kwa maoni yake mti hupumzika kwa sababu umepungukiwa na kitu kutoka nje, chumvi za udongo au mwanga au maji, na ukiupatia utaendelea kukua pasipo kupumzika. Klebs hakubishana kwa maneno peke yake. Aliichukua ile miti ya Buche, migumu kuliko yote kuamshwa wakati wa baridi, akaiweka chini ya taa ya umeme usiku na mchana. Matumba yakafunguka katikati ya baridi. Habari hizo alizichapisha mwaka 1914.

Ningependa kuwaambia wasomaji jinsi wataalamu hao wawili walivyopambana hadi mmoja akashinda. Haikuwa hivyo. Mwaka ule ule vita kuu ilianza. Mwaka 1916 Waingereza waliichukua Amani. Volkens alikufa Berlin tarehe 10 Januari 1917, akiwa na miaka 61, na Klebs akamfuata mwezi wa Oktoba mwaka 1918. Si hayo tu. Mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa Berlin, pamoja na mingi aliyoikusanya Volkens kwa mikono yake Kilimanjaro, iliteketea kwa moto wa mabomu usiku wa tarehe 1 Machi 1943. Nakala chache zilizokuwa zimegawiwa makumbusho ya nchi nyingine ndizo zilizosalia. Nilipofika hapa niliacha kuandika nikaenda kulala. Nilifikiria miezi 15 ya kupanda na kushuka mlima, karatasi baada ya karatasi, jani baada ya jani.

Leo twajua mengi ambayo hao wawili hawakuyajua. Jani bichi hutengeneza kemikali inayouzuia ule mkato wa kikonyo. Likizeeka, kemikali hiyo hupungua, na gesi iitwayo ethilini hulilegeza tabaka lake. Ni gesi ile ile inayoivisha ndizi tunapozifukia. Mwanga pia una sehemu yake: katika miji ya Ulaya na Marekani imeonekana kuwa tawi lililo karibu na taa ya barabarani hukaa na majani mabichi kwa siku nyingi baada ya matawi mengine kuvua, kana kwamba halijapata habari kuwa siku zimefupika. Berlin, siku ndefu kabisa ya mwaka huizidi siku fupi kwa zaidi ya saa tisa. Hapa Tanga tofauti hiyo haifiki dakika 40. Basi mti wa Ulaya hupigiwa kengele kwa kishindo, na mti wa kwetu husikia mnong'ono tu, tena wakati mwingine pengine hausikii kitu, ukafuata hesabu yake wenyewe ya umri wa majani na maji yaliyo ndani ya shina. Kwa hiyo Klebs hakukosea kuhusu taa yake, wala Volkens hakukosea kuhusu miti yake ya Bogor. Kila mmoja alitazama nchi moja akataka isemee dunia nzima. Kama ningelazimishwa kuchagua, ningesimama na Volkens, lakini labda ni kwa sababu nimesoma habari zake muda mrefu hata nimemzoea.

Sasa narudi kwenye mikungu yetu. Nilipojua habari za Klebs niliruka kwa furaha, maana ule mkungu wa jikoni, unaochelewa, uko chini ya taa ya mlinzi inayowaka usiku kucha. Nikamwendea Mwalimu nikamwambia nimelipata jibu. Akaniuliza kama nimekumbuka moshi wa jiko, kwa sababu moshi wa kuni una ile gesi ya ethilini, na kwa hesabu hiyo mkungu wa jikoni ungepaswa kutangulia, si kuchelewa. Sikuwa nimekumbuka. Kisha mpishi mmoja, mzee aliyefanya kazi hapa tangu kabla hatujazaliwa, akanikumbusha jambo lingine. Taa ile iliharibika mwaka jana ikakaa kiza muhula mzima, na mkungu ulichelewa vile vile.

Nimefunga nyuzi nyekundu katika matawi manne ya kila mkungu, na katika daftari dogo nimeandika tarehe ambazo kila tawi limeanza kuvua na tarehe limechipua. Hadi sasa nina vipindi vitatu. Mwezi wa Novemba tunafanya mtihani wa mwisho na kuondoka. Daftari nitampa kijana wa Kidato cha Kwanza ambaye amepewa ufagio wa bweni. Amekwisha kuniuliza kwa nini tawi la upande wa kisima linatangulia kila mara.